Ushauri: mkononi laki sita, michango haiishi, nitoe kiasi gani nisiwe mchoyo?

Fundi_Daftari:
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri maana hili jambo linaninyima usingizi. Nipo Mbagala, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mkononi napata 620,000. Kodi 100,000, mama kijijini namtumia 80,000 kila mwezi hiyo haina mjadala, na nina mke na watoto wawili. Mwezi huu nikaamua kuandika kwenye daftari kila ninachotoa, nikakuta kitchen pati ya shemeji 30,000, misiba miwili 10,000, msikitini buku mbili kila Ijumaa, na ahadi ya harusi ya mfanyakazi mwenzangu 50,000 kadi ya singo, hiyo nilikuwa bado sijalipa.

Sasa mtoto wa jirani yangu, miaka sita, kagongwa na bodaboda mguu umevunjika. Juzi nimeenda kumwona wodini, mama yake akafungua pindo la khanga akatoa karatasi ya bili imekunjwa ndogo kabisa imelowa jasho, akanionyesha kwa kidole pale palipoandikwa chuma, laki nne. Nikampa elfu kumi. Akanishika kwa mikono miwili akanishukuru mpaka nikashindwa kumwangalia, maana mfukoni nilikuwa na ile hamsini ya harusi. Usiku mzima nawaza, kuna kiwango mtu akishatoa anakuwa ametimiza wajibu wake au ni mpaka uishiwe?

BintiPwani:
Pole kaka. Kwa upande wa dini usijichanganye, zaka haipo kwenye mshahara unaoisha tarehe 20. Zaka ni ya akiba iliyofika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikakaa mwaka mzima, hapo unatoa asilimia 2.5, kila milioni moja ni 25,000. Na ya mama hiyo ni wajibu wako sio zaka. Kinachobaki ni sadaka, unatoa kwa uwezo wako, hata Saad bin Abi Waqqas alipotaka kuusia mali yake Mtume alimwambia theluthi, na theluthi ni nyingi, usiwaache warithi wako wakiomba watu.

Mzee wa Kyela:
Mwanangu sisi kanisani tunafundishwa fungu la kumi, kwako ni kama 62,000, na mimi nimetoa miaka mingi sijutii. Lakini mtume Paulo anawaambia Wakorintho kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Sasa jiulize kati ya hizo zote ipi umetoa kwa moyo na ipi umetoa kwa kuogopa jina lako kusomwa kwenye group. Harusi ile itafanyika hata usipochanga, ule mguu je?

nesi_wa_zamu:
Naongea kama mtu wa wodini. Kabla hamjaanza kuchangishana mwambie huyo mama aende ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali kama ni ya serikali, aeleze hali yake, kuna utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo, wengi wanaona aibu kuuliza wanabaki wanalia kwenye korido. Na mkichanga lipieni moja kwa moja kwa kontrol namba ya bili. Halafu kaka kutoa sio hela tu, mwanaume unaweza kuchangia damu kila baada ya miezi mitatu, na kuna siku tunaitafuta damu hatuipati.

Kipanga_Dodoma:
Mimi siku ya mshahara natenga 40,000 pembeni kwenye simu, hiyo ni ya watu. Mgonjwa na msiba kwanza, sherehe zinakula kilichobaki, kikiisha nasema kimeisha bila kuzunguka. Mwanzo walininunia sana ila walizoea. Usikope kwa ajili ya kadi.

Fundi_Daftari:
Asanteni sana wakuu, nimesoma zote na mke wangu. Leo mchana nimeenda na yule mama ustawi wa jamii, wamemsikiliza vizuri wamesema alete barua ya serikali ya mtaa, kesho asubuhi naenda naye kwa mtendaji. Mweka hazina wa harusi nimempigia nikamwambia nitatoa 20,000 tu, akanyamaza kidogo halafu akasema sawa. Ile 30,000 iliyobaki nimeilipa kwenye bili ya mtoto.