Mama ana kisukari, sasa mkojo una protini. Naombeni ushauri

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Mikindani, Mtwara. Mama ana miaka 61, kisukari anacho mwaka wa tisa, anameza metformin. Wiki iliyopita kliniki wamekuta protini kwenye mkojo, presha 150 kwa 95. Daktari kasema figo zimeanza kuguswa: sukari na presha zishuke, chumvi ipungue, turudi baada ya miezi mitatu.

Kazi iko kwenye sahani. Bi mkubwa bila papa ng'onda, yule papa mkavu wa chumvi, ugali wa muhogo haushuki. Juzi niliroweka kipande usiku kucha, nikamwaga maji mara mbili. Akaonja, akakisukuma pembeni: "Hii karatasi, mwanangu." Baadaye nikamfuma jikoni anachovya ndimu kwenye chumvi!

Kingine magoti. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa anamtuma mjukuu duka la dawa amnunulie diklofenaki, vidonge vya maumivu, anazila kama karanga, na kliniki hajawahi kuzitaja. Dawa hizo zinaumiza figo, nimezificha. Sasa usiku analalamika maumivu, na jirani kaleta mizizi ya kuchemsha. Nimeikataa, jirani kanuna.

Mliouguza wazazi, naombeni msaada: ng'onda mliiachishaje bila ugomvi? Ndimu, tangawizi na pilipili vinatosha kuziba pengo la chumvi? Na kwa magoti, wazazi wenu waliandikiwa nini ambacho hakigusi figo, nikamuulize daktari kabla ya hiyo miezi mitatu?