Antivirusi ya kulipia au ya bure kwa mashine ya mtumba?

MchapajiChanga
Wakuu, habari za jioni. Niko Changanyikeni, nachapa ripoti za field na tasnifu za wanafunzi wa Chuo Kikuu. Mashine ni HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, niliichukua Kariakoo, ina Windows 10. Mteja analeta kazi kwenye flashi ambayo imeshachomekwa kila steshenari kuanzia Ubungo hadi Mwenge. Juzi imekuja moja, mafolda yote yamegeuka shotikati, mwenyewe jasho linamtoka kwa sababu anatakiwa kukabidhi kesho yake.

Fundi wa mtaani anataka 45,000 aniwekee antivirusi ya mwaka mzima. Mdogo wangu anasema hela hiyo ni ya kutupa, yeye anayo ya kulipia "iliyoshughulikiwa", kaitoa Telegram. Kwangu 45,000 ni kurasa nyingi sana. Nishike lipi?

KotaZaZamani
Lipia dada. Rahisi huvunja upishi.

FundiMwenge
Dada, hiyo ya mdogo wako usiiguse kabisa. Mashine zilizoharibika vibaya kuliko zote zinazofika mezani kwangu si zile zisizo na antivirusi, ni zile zenye antivirusi ya kraki, yaani ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bure. Sharti la kwanza la kraki ni uzime ulinzi ndipo uiweke. Umemfungia mbwa, halafu unamfungulia mgeni usiyemjua. Kuna virusi vinaitwa STOP, wengine wanaviita Djvu: vinafunga mafaili yako kisha vinadai dola, na vimesambaa sana kupitia kraki hizi hizi. Tasnifu ya mtu ikifungwa kwa ufunguo uliotoka kwenye seva yao, hakuna fundi wa kuifungua, awe wa Mwenge au wa Kariakoo.

Ya bure unayo tayari. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Defender inakuja ndani ya Windows na ni antivirusi kamili. Kirusi cha shotikati ni cha kizamani. Mafaili hayajafutika, yamefichwa tu. Usibofye shotikati hata moja. Iskani flashi kwanza, kisha fungua Command Prompt uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hapo kwenye E weka herufi ya flashi yako.

Kinachotuangusha hapa Dar ni bando. Mtu anatumia hotspoti ya simu, ameiwekea "metered", yaani mtandao wa kupimwa, ili Windows isimmalizie MB, basi masasisho mengi yanasubiri mpaka yachoke. WannaCry, kirusi kingine cha kufunga mafaili, ilipozunguka dunia Mei 2017, Microsoft walikuwa wametoa sasisho la kuziba tundu la Windows ililopitia tangu Machi. Kwa hiyo jioni bando la usiku likianza, ingia Windows Update ubonyeze mwenyewe.

Na hapa ndipo 45,000 ya fundi wako inapokosa kazi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. G3 yako ina prosesa ya kizazi cha 6, na Windows 11 kwa Intel inataka cha 8 kwenda juu. Kwa watu binafsi upo mpango wa masasisho ya usalama ya nyongeza, ESU, hadi Oktoba 2026, jisajili. Defender yenyewe itaendelea kuletewa orodha ya virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, ila orodha haizibi tundu la Windows. Ya kulipia nayo haizibi. Hela hiyo anzia kuweka ya mashine nyingine, na ukienda kununua usiangalie stika, angalia namba ya prosesa.

MamaWawiliTegeta
Mimi nalipia na sijutii, fundi asitufunge wote kamba moja. Nina watoto wawili wanaobofya kila kinachometameta, leseni moja inashika kompyuta na simu zetu zote, na nadhibiti wanachofungua. Ila soma bei ya mwaka wa pili kabla hujaingiza kadi, ya kwanza ni ya kukuvutia. Na wanaokimbilia za bure za makampuni mengine wajue mnalipia kwa namna nyingine: mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast, kampuni yenye antivirusi ya bure, ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa watu walizotembelea.

FundiMwenge
Kwa watoto sawa, mama, sibishi. Dada yeye anachapa tu.

MchapajiChanga
Asanteni sana. Ile amri imefanya kazi, mafolda yamerudi, mwanafunzi kaondoka nayo. Hela naona niongezee ninunue diski ya nje ya kuhifadhia kazi za wateja. Je, niiache imechomekwa muda wote?

FundiMwenge
Hapana. Chomeka, nakili, chomoa. Hao wanaofunga mafaili wakikuta diski imechomekwa wanaifunga nayo. Halafu kwenye Windows Security, upande wa Ransomware protection, washa Controlled folder access, inayozuia programu zisizoaminika kubadili mafaili yako, inakuja ikiwa imezimwa. Word ikigoma kuhifadhi kwenye folda fulani, iruhusu humo humo, usiizime yote.