Naomba ushauri: kafukuzwa kazi, na sasa kaitwa Baraza la Uuguzi

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ni muuguzi, alikuwa hospitali binafsi hapa Tanzania. Kaachishwa kazi kwa madai kwamba alimpa mgonjwa dozi isiyo sahihi. Barua ina mistari minne tu: "utovu wa nidhamu uliokithiri", sahihi na muhuri. Kikao cha nidhamu hakikufanyika, wala hakupewa hati ya mashtaka ajibu. Chati ya dawa ya zamu ile, ambayo kwa maelezo yake ingemtetea, imebaki kwa mwajiri.

Ninachojua ni kwamba CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) malalamiko ya kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, kwa fomu namba 1, na mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa. Kwa hiyo huko tunakwenda, muda usitupite.

Kinachoninyima usingizi ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, maana hapo ni leseni yake, yaani maisha yake yote ya kazi. Mwajiri kampeleka huko pia, na anatakiwa ajibu kwa maandishi. Je, atakacholiandikia Baraza kinaweza kutumika dhidi yake CMA? Aombe shauri moja lisubiri lingine, au yaende sambamba? Na hiyo chati, nani mwenye nguvu ya kumwamuru mwajiri aitoe?

Mawakili na wauguzi mliowahi kupitia haya, tafadhali nisaidieni.