Pointi kwenye leseni: zitamwangukia dereva au namba ya gari?

MamaFuso

Wakuu, habari za jioni. Naomba tusaidiane kufikiri, hasa nyie madereva na nyie mlioko nchi ambazo mfumo huu umeshaanza.

Kila ikitokea ajali kubwa nasikia tena hoja ya kuweka pointi kwenye leseni. Kila kosa linakuwa na pointi zake, zikifika idadi fulani leseni inafungiwa. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Ila kuna swali moja linaninyima usingizi na sijaona mtu akilijibu.

Nina lori moja aina ya Fuso. Inabeba mahindi kutoka Kibaigwa kwenda Dar, ikirudi inabeba saruji au chochote kitakachopatikana. Niliinunua kwa hela ya shamba la marehemu baba, kwa hiyo kila shilingi inayotoka naiandika kwenye daftari. Mwezi uliopita nilikuwa najiandaa kukata bima, nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi kuangalia deni. Nikakuta faini tisa. Shilingi 30,000 mara tisa ni 270,000. Saba ni za mwendokasi, na kati ya hizo mbili zilipigwa siku moja, pale pale Dumila, asubuhi gari likipeleka mzigo Morogoro na jioni likirudi tupu. Kibao ni kilomita 50 kwa saa. Asubuhi lilikuwa 71, jioni 83.

Wanaopita Dumila wanapajua. Barabara inakata katikati ya watu. Wauza nyanya wamepanga ndoo zao hatua chache kutoka kwenye lami, na jioni ndiyo watoto wa shule wanavuka wakiwa wameshikana mikono. Niliiangalia ile picha ya jioni muda mrefu. Pembeni ya gari langu kuna mwanamke amebeba beseni kichwani, amegeuza uso kwa ajili ya vumbi. Pesa niliisahau kabisa, nikabaki namwangalia yeye.

Nikamwita dereva wangu. Akasema, "Mama, siku hiyo nilikuwa msibani, gari nilimwachia deiwaka," yaani dereva wa kushikia kwa siku. Nikampigia deiwaka. Naye akasema yeye alishika usukani kuanzia Morogoro tu, asubuhi hakuwepo. Nikamuuliza utingo, akasema hakumbuki. Basi nimelipa mimi. Yule aliyekimbiza Fuso katikati ya soko leseni yake haina doa, na deiwaka nasikia ameshapata gari lingine njia ya Tanga.

Swali langu ndilo hilo. Tochi, ile kamera ya polisi ya kupima mwendo, inapiga namba ya gari, haimpigi mtu. Pointi zikija zitaandikwa kwenye leseni ya nani? Mimi leseni sina, sijawahi hata kukaa nyuma ya usukani. Na kama zitaandikwa kwa dereva, nani atathibitisha kuwa ni yeye?

Msukani19

Shikamoo mama. Pole kwa faini. Mimi ni dereva wa basi la mkoani, Dar–Mbeya, huu mwaka wa 19. Nitasema upande wetu bila kuficha.

Kwanza, umbali. Mtu mwenye gari dogo anayetoka Mbezi kwenda Posta hawezi kulinganishwa na mimi ninayemaliza kilomita zaidi ya 800 kwa safari moja, na kesho kutwa narudi. Safari moja niliwahi kuhesabu tochi 14. Mkitupa pointi sawa, mimi makini nitafungiwa kabla ya kijana mlevi anayeendesha Jumamosi tu.

Pili, vibao. Kibao cha 50 kinakupokea kijijini, lakini kile cha kukuruhusu kuondoka kimeng'olewa kimeuzwa chuma chakavu. Nyumba zimeisha, unaona pori, unaongeza mwendo, mbele kichakani tochi inakusubiri. Hapo nimekosa nini?

Tatu ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Leo faini ni 30,000. Anayetaka rushwa hawezi kutaka zaidi ya hapo, kwa sababu ikizidi nitamwambia niandikie nilipe. Siku leseni yangu itakapokuwa imebakiza kosa moja tu ife, yule yule anajua nitatoa hata laki tatu, maana hapo nanunua chakula cha watoto wangu. Mkileta pointi bila kuondoa makubaliano ya pembeni ya barabara, mtakuwa mmepandisha bei tu.

Sikatai watu wafungiwe. Nina wenzangu wawili nimewazika, na mmoja alikufa kwa kuovateki kwenye kona za Kitonga, si kwa bahati mbaya. Ila mniangalie na mimi.

BinMakunduchi

Mama, nakuamkia. Mimi mzaliwa wa Unguja, niko Leicester, Uingereza. Swali lako huku lina jibu, na lilinikuta mimi mwenyewe.

Niliazima gari la shemeji yangu kwenda kumchukua mtoto skuli. Kamera ikanipiga maili 37 kwa saa pahala pa 30, yaani kama kilomita 59 pahala pa 48. Barua haikuja kwangu, ilikwenda kwa shemeji, maana gari ni lake, na sheria inataka imfikie ndani ya siku 14. Haikuanza kwa kumdai faini. Ilimuuliza: nani alikuwa anaendesha? Ana siku 28 za kutoa jina. Asipolitoa, kunyamaza kwenyewe ni kosa lake, na kwa hilo peke yake anaweza kupata pointi 6, mara mbili ya zile ambazo ningepata mimi. Kwa hivyo shemeji hakuona haya, akaniandika. Barua ya pili ikaja kwangu.

Ukizidisha kidogo kwa mara ya kwanza huku unaweza kuchagua darasa badala ya pointi. Mimi darasa nilishakwenda mwaka uliotangulia, basi nikalipa pauni 100 na pointi 3. Zikifika 12 ndani ya miaka mitatu, mahakama kwa kawaida inakufungia si chini ya miezi sita. Na kilichoniuma zaidi ya pauni 100 ni bima, iliyopanda nilipokwenda kuikata tena.

Linalonipendeza zaidi ni la wageni wa barabara. Mwenye leseni mpya, ndani ya miaka miwili ya mwanzo, pointi 6 zinatosha kumfutia leseni, arudi kwenye mtihani upya. Na kushika simu wakati unaendesha ni pointi 6 kwa mara moja, na pauni 200. Kijana wangu mkubwa amepata leseni juzi, simu anaitia ndani ya begi la nyuma kabla hajawasha gari. Mimi sikumwambia. Amejifunza kwa khofu ya hizo sita.

Kaka Msukani, la rushwa nimelisoma mara mbili na sina la kukupinga. Huku mimi sikuonana na askari hata mmoja. Kamera, barua, malipo, basi. Nadhani ndiyo maana inafanya kazi.

KijanaWaLikoni

Shikamoo mama. Mimi naendesha teksi Dubai, mwaka wa tano sasa. Hapa pointi zinaitwa nyeusi, na 24 ndiyo mwisho. Kupita taa nyekundu ni pointi 12 na dirhamu 1,000, gari linazuiwa siku 30. Ukirudia umeisha. Kutofunga mkanda ni pointi 4.

Swali lako la nani alikuwa ndani ya gari, kampuni yetu imelimaliza kwa karatasi ya zamu. Naingia saa 10 jioni, naweka sahihi. Kamera ikipiga saa 11, jina ni langu, hakuna kubishana.

Na kaka Msukani, kuna njia ya kujipunguzia. Siku ya kwanza ya mwaka wa shule unaweka ahadi mtandaoni kuwa hutafanya kosa siku hiyo. Ukiitimiza, unaondolewa pointi 4. Nimefanya mara mbili. Siku hiyo utaona Dubai nzima inaendesha kama inabeba mayai.

Msukani19

Hiyo ya kupunguziwa naikubali kwa mikono miwili. Mtu akikaa mwaka mzima bila kosa arudishiwe kitu.

Na Bin Makunduchi, la kujua ni nani, kwenye mabasi tayari lipo. Kuna kile kitufe cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kumtambulisha dereva. Naweka changu kabla ya kuondoka, na mfumo unajua ni mimi nimeshika usukani, si mwenzangu anayenipokea. Kwa hiyo mabasi waanze na sisi, sitakimbia. Tatizo ni gari kama la mama, ambalo funguo zinapita mikono mitatu kwa siku moja.

MamaFuso

Nimewasoma wote, na usiku nimewasoma tena. Mungu awabariki.

Mwanangu Msukani, la vibao uko sahihi, na mtu asipewe pointi mahali ambapo kibao hakipo. Ila ile 83 ya Dumila haikuwa suala la kibao. Pale nyumba zipo, watu wapo, soko lipo. Kwa hilo leseni ya mtu ingeguswa na mimi ningelala.

La rushwa limenibadilisha mawazo. Nilikuwa nafikiri pointi ziandikwe na askari aliyekusimamisha. Sasa naona ziandikwe kwa picha tu, au na mahakama, na yule aliyesimama barabarani asiwe na uwezo wa kuongeza wala kufuta.

Na barua ya kumuuliza mwenye gari naitaka ije hata kesho. Najua itanibana mimi kwanza. Nilipokuwa nampigia deiwaka nilitambua kuwa sijui hata jina lake la pili, wala sijawahi kuiona leseni yake. Gari la mamilioni, na roho za watu njiani, nilimwachia mtu nisiyemjua kwa sababu dereva alisema ni mtu safi.

Kwa hiyo sijasubiri sheria. Nimechora kurasa kwenye daftari: tarehe, saa ya kupokea funguo, jina kamili, namba ya leseni, sahihi, na mahali pa kukabidhiana kama ni njiani. Utingo ndiye analitunza na kunipigia picha kila funguo zikibadilika mkono. Dereva wangu alinuna kidogo, akaniuliza, "Mama, huniamini?" Nikamwambia siku ya msiba angekuwa na sahihi ya deiwaka, nisingemsumbua hata kwa swali moja. Akanyamaza, akachukua kalamu. Leo saa 10 alfajiri ametoka Kibaigwa na magunia 80, na jina lake liko mstari wa kwanza.