Kazini tumeambiwa tujilete kama tulivyo. Mbona huko kujileta ndiko kunakonimaliza?

Kijana wa Langoni ameuliza:

Assalam alaikum, wakubwa kwa wadogo. Nina miaka 31, na huu ni mwaka wa sita nikipokea wageni katika hoteli moja ya Shela, hapa Lamu, ambayo sitaitaja. Siku yangu huanzia gatini Manda, abiria wa ndege wanapopanda boti kuvuka huku, na huisha usiku mgeni wa mwisho anapoinuka mezani. Miaka minne ya kwanza nilivaa kanzu na kofia, nikakaribisha watu kwa maneno yale yale, nikatabasamu, kisha nikarudi kwa miguu kando ya bahari hadi Langoni nikiwa nimechoka mwili tu.

Kisha tukapata meneja mpya, ambaye alitueleza kwamba mgeni wa siku hizi hataki kuhudumiwa na sanamu, anataka kukutana na mtu, na kwa hiyo kila mmoja wetu aache maneno ya kukariri, ajilete kazini kama alivyo na azungumze na wageni kutoka moyoni. Sitaficha kwamba nilifurahi. Usiku mmoja, bila kuombwa na mtu, niliwasimulia wageni habari za baba yangu, aliyetoka na mashua wakati wa kusi nikiwa na miaka 11. Mashua ilipatikana, yeye hakupatikana. Walilia, wakaacha bakhshishi nono, na mmoja wao akaandika sifa ndefu za hoteli. Tangu hapo naombwa kuyarudia maneno hayo kila kundi linapofika usiku wake wa pili. Kifo cha baba yangu kimo katika ratiba, baina ya samaki wa kupaka na kahawa chungu.

Kinachonitisha ni nyumbani. Mama akimtaja baba, mimi hunyamaza, kwa sababu kila neno ninalotaka kulisema nimekwisha kulitumia kwa wageni. Mke wangu akiniuliza siku ilikuwaje, namjibu "nzuri sana, karibu" kwa sauti ya mapokezi, kisha tunatazamana. Nalala kwa muda wa saa nane na kuamka nimechoka. Rafiki mmoja ananishauri nirudie tabasamu la zamani, na mwingine ananiambia niache kazi. Mimi sitaki kuwa mtu wa uongo, wala sitaki kwisha. Je, kuna namna ya kuwa mkweli kazini bila kukombwa hadi sakafuni?

Bibi wa Mkomani amejibu:

Wa alaikum salaam, mwanangu. Mola amrehemu babako.

Nitakujibu kwa nyumba, kwa kuwa sisi watu wa Lamu tumelelewa na kuta kabla ya kulelewa na shule. Itazame nyumba ya mawe ya zamani. Nje kuna daka lenye viti vya mawe pande zote mbili. Hapo hukaa yeyote, jirani, mchuuzi, hata mgeni asiyejulikana, naye huletewa kahawa. Ukivuka mlango unaingia tekani, ambapo njia imepindishwa makusudi ili anayepita nje asione kiwanda, yaani ua wa ndani. Baada ya kiwanda kuna msana, chumba kirefu cha kukaa, na nyuma ya msana ndiyo ndani, ambako si kila mwenye undugu hufika. Waliojenga hivi hawakuwa na la kuwadanganya watu. Daka ni nyumba kweli, limejengwa kwa matumbawe na chokaa ile ile ya ndani, na mgeni aliyekaa dakani amekaa nyumbani kwako.

Wewe umeelewa, au umeeleweshwa, kwamba ukweli ni kumpitisha kila mtu hadi ndani. Huo si ukweli, mwanangu, ni kukosa sitara. Mtu akijisitiri hajaongopa.

Mimi nilikuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa katika wodi ya uzazi. Upole niliowapa wagonjwa ulikuwa wangu, haukuwa wa kuazima. Lakini mimba zangu mbili zilizoharibika sikuzitaja kazini, isipokuwa usiku mmoja tu, kwa mama aliyekuwa amepoteza wake na asiyetaka kusemeshwa na mtu. Nilimwambia kwa kuwa yeye alilihitaji neno hilo na mimi nilikuwa tayari kulitoa. Lau msimamizi angeniagiza niliseme kila zamu, nadhani nisingemaliza mwaka. Basi ukiketi peke yako, jiulize mlango wako unafunguliwa na nani.

Mshauri, Malindi, amejibu:

Natoa ushauri nasaha hapa Malindi, na wengi wanaokuja kwangu ni wafanyakazi wa hoteli. Maneno ya Bibi nayaunga mkono, ila ningependa kuongeza machache kutoka upande wa elimu, kwa sababu jambo linalokusumbua limetafitiwa kwa muda mrefu.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alieleza hali ya kuchakaa kwa kazi, kwa Kiingereza "burnout", aliyoiona kwa watu waliojitolea katika kliniki ya bure jijini New York, akiwemo yeye mwenyewe. Waliochakaa zaidi hawakuwa wavivu, bali waliojitoa kwa moyo wote. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022, linaitaja hali hii kuwa tukio la kikazi, si ugonjwa, na linatoa dalili tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kuhisi kwamba hafanyi tena la maana. Ya kwanza unayo waziwazi. Hizo mbili nyingine ungefaa kuzichunguza, kwa sababu mtu anayejibu mkewe kwa sauti ya mapokezi huenda amekwisha kujitenga, isipokuwa amejitenga na upande usio sahihi.

La pili ni kuhusu rafiki yako anayekurudisha kwenye tabasamu la zamani. Mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild, aliyeandika mwaka 1983 juu ya wahudumu wa ndege, alitenganisha kuigiza usoni, ambako mtu huonyesha asichokihisi, na kuigiza moyoni, ambako mtu hujitahidi kwanza akihisi kweli kile anachotakiwa kukionyesha. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba kuigiza usoni ndiko kunakoendana zaidi na uchovu wa hisia. Kwa hiyo tabasamu tupu si dawa. Lakini Hochschild alionya pia kuhusu kuigiza moyoni, kwamba hisia za mtu zikishakuwa sehemu ya bidhaa, mwenyewe huweza kufika mahali asijue ipi ni yake na ipi ni ya kampuni. Nadhani hapo ndipo ulipofika. Mara ya kwanza ulimsimulia baba yako. Mara ya ishirini unamwigiza mtu anayemsimulia baba yake, na unajiona ukifanya hivyo.

Kama usingizi umeharibika kwa zaidi ya wiki mbili au tatu, tafadhali mwone pia daktari. Msiba wa utotoni unaofukuliwa kila wiki si jambo dogo.

Mpishi wa Casuarina amejibu:

Nawaheshimu Bibi na Mshauri, lakini naona tumekimbilia moyoni kabla ya kupita ofisini. Kaka, umetuambia kwamba unaanza gatini na kuishia mgeni wa mwisho anapoinuka. Hizo ni saa ngapi? Hilo daka la Bibi ni zuri, ila mtu akikalishwa dakani saa kumi na nne atachoka hata akiwa amenyamaza kimya.

Nimepika hoteli za hapa Malindi miaka mingi, kwa Wataliano hasa, na walinibatiza jina la kwao kwa kuwa la kwangu liliwashinda. Watu walidhani nitaona uchungu. Sikuona. Kilichonivunja ni msimu mmoja wa Krismasi nilipofanya kazi siku 19 mfululizo, kisha mvua za Aprili zilipofunga biashara tukaambiwa siku zile tulizokaa nyumbani bila malipo ndizo likizo yetu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haisemi hivyo. Inasema mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na baada ya miezi 12 ya kazi apate likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Usome mkataba wako nao kabla ya kuisoma nafsi yako.

Jingine, hadithi yako imeiletea hoteli sifa. Ni nani aliyeandika katika majukumu yako kwamba utasimulia misiba? Ikiwa ni kazi, ilipwe na uwe na haki ya kuikataa. Ikiwa si kazi, basi ni hisani, na hisani haiwekwi katika ratiba.

Nahodha wa mashua amejibu:

Mimi wageni huniuliza nina wake wangapi. Nawajibu kwamba ninaye bahari, na huyo peke yake anashinda wanne kwa ukali. Wanacheka, nami sijasema uongo wala sijamtaja mama watoto. Uwe na masimulizi yako matatu au manne ya kweli ambayo hayatoki damu ukiyagusa, uyazungushe kama matanga kulingana na upepo.

Bibi wa Mkomani amejibu:

Mpishi amenisahihisha na nimekubali. Nilisahau kusema kwamba hata daka huja usiku likafungwa mlango, na watu wakaingia kulala.

Kijana wa Langoni amerudi:

Shukrani, wazee wangu na ndugu zangu. Imepita wiki tatu, na ningependa kuwaeleza yaliyotokea.

Nilizungumza na meneja. Nilijitayarisha kwa ugomvi, lakini alinyamaza kwanza, kisha akasema kwamba alidhani naipenda hadithi ile kwa kuwa niliianza mwenyewe, jambo ambalo ni kweli na ambalo sikuwa nimelipima. Tumekubaliana kwamba habari za baba ziondolewe katika usiku wa pili, na mahali pake nieleze biashara ya boriti za mikoko na wajenzi wa majahazi wa Matandoni, ambako mjomba wangu alijifunza useremala. Kuhusu siku ya mapumziko amenipa Jumatatu, na amenipa kwa maandishi, Mpishi utafurahi. Kuhusu saa za usiku bado tunavutana.

Usiku wa kwanza wa boriti, mgeni mmoja alisinzia na bakhshishi ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Sitajifanya haikuniuma, nilikuwa nimezoea kuliza watu na kulipwa kwa machozi yao. Lakini nilipofika Langoni nilimkuta mama bado macho, nikamuuliza kama ni kweli baba alikuwa akiimba anapotweka tanga, kwa sababu katika simulizi yangu ya hotelini nilikuwa nimelitia hilo na sikukumbuka tena kama nililitunga. Mama alicheka. Akasema baba hakuimba kamwe, alikuwa akiwatukana samaki.

Limebaki moja. Nafasi yangu ya usiku wa pili haikukaa wazi. Kijana wa miaka 22 anayehudumu mezani ameombwa asimulie jinsi wazazi wake walivyoachana, naye amekubali kwa furaha, na wiki hii amepata bakhshishi inayozidi mshahara wangu wa siku tano. Ananiona kama kaka yake, na Alhamisi kuna kundi jipya linashuka Manda. Nikimwambia anyamaze ataona namwonea wivu, na pengine wivu kidogo upo. Ninyi mngemwambia nini?