Naomba ushauri: kupanda hekalu la mapangoni la Dambulla na mama mwenye goti bovu

Ndugu wanachama, salaam kwenu nyote.

Mwezi ujao, Mungu akijalia, nitakwenda Sri Lanka na mama yangu mzazi, ambaye goti humsumbua, naye ameshikilia kuliona hekalu la Kibudha la Dambulla, lile lenye mapango matano yaliyojaa sanamu na michoro, kwenye mwamba unaoinuka takriban mita 160 juu ya tambarare inayouzunguka. Nafahamu kwamba njia ni ya ngazi nyingi, kwamba mabega na magoti hufunikwa, na kwamba viatu huvuliwa kabla ya kuingia uani. Mavazi hayanipi shida, kwani kanga zipo. Na tumbili wa huko, wanaosifika kwa kunyakua chakula mikononi mwa wageni, tutawaepuka kwa kutobeba hata ndizi.

Nimemuuliza mwenye hoteli, akasema ipo njia yenye mwinuko wa taratibu zaidi; dereva tuliyemkodi anadai zote ni zilezile. Mama amekuwa akijizoeza kwenye ngazi za jengo letu: kupanda anapanda vizuri, lakini akishuka huuegemea ukuta na kuweka miguu yote miwili kwenye kila kidato.

Kwa yeyote aliyefika huko, je, ngazi zina vyuma vya kushikilia na mahali pa kupumzikia hadi juu? Na je, soksi zinaruhusiwa uani, maana nasikia jua likishawaka, lile jiwe huunguza nyayo?

Natanguliza shukrani.