Nina skizofrenia, upande wa mke wanataka cheti cha DNA kabla ya mahari

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu. Mimi fundi aluminiamu, Mbagala. Nina skizofrenia, ugonjwa wa akili, nameza dawa ya risperidoni, kliniki sikosi na kazi naenda. Mchumba anajua kila kitu. Tatizo mjomba wake: kasikia kwamba marehemu baba yangu mdogo alikuwa na ugonjwa huuhuu, akasimamisha kikao. Anataka cheti kwamba watoto watakuwa wazima. Maabara niliyokwenda wakaniuliza kama nagombania mtoto! Hicho kipimo kipo? Matusi sitaki.

Mzee wa Feri: Hayo mambo ya ukoo, dogo. Nenda Bagamoyo kwa waganga yakakatwe.

Dada wa Wodi: Bagamoyo aende kula pweza. Mdogo wangu, nauguza wagonjwa wa akili. Cheti hicho hakuna wa kukupa. Selimundu, ule ugonjwa wa damu, unatokana na jeni moja, yaani chembe moja ya urithi, inapimika. Huu wako unachangiwa na jeni nyingi mno, kila moja kidogo, halafu kuna mengine kama bangi ya ujanani na matatizo wakati wa kuzaliwa. Kwa watu wote ni kama 1 kati ya 100. Mzazi mmoja akiwa nao, mtoto ni kama 10 kati ya 100, yaani 90 hawaupati. Wazazi wote wawili, inafika 40 hivi. Ndiyo maana daktari huchora ukoo wa pande zote mbili, wa kwenu na wa kwao. Kuna kasoro ya kromosomu ya 22, yaani mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, kipande kinakosekana, hiyo inapimika, ila ni wachache wanayo, na mara nyingi huja na shida ya moyo au kaakaa. Mwombe daktari wako akae nanyi wawili. Na dawa usiache ili uonekane mzima kikaoni!

Binti Kigamboni: Mama yangu anao. Tumezaliwa watano, kaugua kaka mmoja tu, naye bangi alianza sekondari. Watoto wenu waambieni mapema. Sisi tulidanganywa mama kaenda kijijini, kumbe kalazwa.

Mleta uzi: Dada, ahsante sana. Nimemuuliza mchumba habari za kwao. Kumbe kuna shangazi alikuwa akigombana na sauti, wakamfungia ndani. Mjomba hataki atajwe. Jumanne tunaenda wote kliniki.

Dada wa Wodi: Shangazi mtajeni kwa daktari. Kwa mjomba, mwachie mchumba aseme mwenyewe.